Ujenzi uliozaliwa na mashua, unaoifaa Karatu

Karatu haina bandari. Ziwa Eyasi, lililo bondeni mwa wilaya, ni la magadi na kina chake ni kifupi. Kiangazi kikikaza, sehemu kubwa yake hukauka. Lakini ujenzi mmoja unaoweza kumfaa sana mkazi wa Karatu na jirani yake wa Ngorongoro ulizaliwa na mashua. Ni ujenzi wa saruji na wavu wa waya, maarufu kwa jina la ferosimenti.

Mwaka 1848, Joseph-Louis Lambot, mwenye shamba kusini mwa Ufaransa, alisuka waya na vyuma vyembamba kwa umbo la mashua, akavikandika saruji, akakishusha chombo chake majini shambani kwake. Mwaka 1855 alikipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Paris. Moja ya mashua zake ingalipo hadi leo katika makumbusho ya mji wa Brignoles. Zege lenye nondo tunalolijua kwenye maghorofa lilienea baadaye. Mashua ya Lambot ilitangulia.

Aliyeufufua ujenzi huo ni mhandisi wa Italia, Pier Luigi Nervi, katika miaka ya 1940. Zege la kawaida huwa na nondo nene zilizoachana, na likivutwa hufanya nyufa pana. Nervi alipanga nyavu nyembamba nyingi, moja juu ya nyingine, kisha akazijaza lipu. Hapo mvuto hugawanyika kwenye waya zote, na ufa ukitokea huwa mwembamba mno. Mwaka 1945 alijenga Irene, chombo cha tani 165 ambacho ukuta wake ulikuwa na unene wa sentimita 3.5 tu.

Miaka ya 1960 na 1970 watu wa kawaida wa New Zealand, Uingereza na kwingineko wakaanza kujijengea boti za tanga nyuma ya nyumba zao, kwa kuwa saruji, mchanga na waya havikuwa ghali. Awahnee, boti ya ferosimenti ya baharia Bob Griffith, ilizunguka dunia, na kati ya 1970 na 1971 ikaizunguka hata Antaktika yenye barafu.

Si wajenzi wote waliokuwa na subira ya kazi hiyo. Wengine walipiga lipu haraka, wakaacha matundu ya hewa katikati ya nyavu, na maji ya chumvi yakaifikia waya. Ndiyo maana leo boti kuukuu ya saruji huuzwa kwa bei ya chini, na kampuni nyingi za bima huikwepa.

Mnunuzi makini huitoa kwanza majini, kisha huigonga ubavuni kwa nyundo ndogo, shubiri kwa shubiri. Palipo pazima hulia kwa mlio mkali. Palipoachana hutoa mlio mzito, wa uwazi. Pia hutafuta michirizi ya rangi ya kahawia, kwa sababu kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo huisukuma lipu kwa nje. Hapo lipu mbovu hubomolewa hadi waya safi ionekane, waya iliyokwisha hubadilishwa, lipu mpya hushindiliwa, na kiraka hufunikwa na kuwekwa unyevu kwa siku nyingi.

Afrika Mashariki nayo ilijifunza kwa gharama kwamba nguvu ya ukuta mwembamba iko kwenye mifupa yake. Katika miaka ya 1970, kituo cha teknolojia ya vijijini cha Karen, Nairobi, kilichoungwa mkono na UNICEF, kilihimiza matenki yaliyotokana na ghala la jadi la nafaka: kapu kubwa la fito lililopigwa lipu ya saruji. Kulisuka hakukuwashinda wanavijiji. Lakini fito zilioza na kuliwa na mchwa ndani ya lipu, na matenki mengi yakapasuka. Mafundi wakahamia kwenye wavu wa waya, na tenki la ferosimenti likashika nafasi.

Kwa Karatu na Ngorongoro, tenki hilo lina maana ya pekee. Miamba ya volkano ya kaskazini mwa Tanzania hutia floridi nyingi katika maji mengi ya ardhini, na floridi ikizidi huharibu meno na mifupa. Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa. Mvua ya milimita 100 ikinyesha juu ya paa la bati la mita za mraba 50, huleta lita 5,000, ukitoa kiasi kidogo kinachopotea. Kinachohitajika ni mfereji wa paa na mahali pa kuyahifadhi hadi kiangazi.

Simtanki la plastiki hufungwa kwa siku moja, lakini likipasuka vibaya, kulitengeneza ni kazi. Tenki la ferosimenti hurekebishwa na fundi mwashi wa kijijini kwa nyundo, mwiko, waya na mfuko wa saruji. Kamati ya shule au ya zahanati yenye tenki la namna hiyo linalovuja isikimbilie kulibomoa. Iligonge kwanza na kutafuta kutu ilipo, kisha kazi ya kuliziba ifanyike kabla ya vuli, tenki likiwa tupu.