Njia ya Rusumo na kuvu wa Kasulo

Mei 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, aliyeianza safari yake Pangani, alivuka mto Kagera penye maporomoko ya Rusumo akaingia Rwanda. Karne moja baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka hapo kwa muda wa siku moja, wakitoka Rwanda na kukimbilia upande wetu, Tanzania. Wengi walitua Benaco, kata ya Kasulo. Ninaifuata njia itokayo Rusumo kuelekea Biharamulo, macho yakiwa ardhini.

Kambi ya wakimbizi hao ilitaka kuni, na kuni zilikatwa miomboni. Masimulizi ya mwaka ule huhesabu watu na mahema. Kuvu wa mizizini hawatajwi kabisa. Naliona hilo kuwa pengo kubwa, kwa maana mti wa miombo hauishi peke yake. Nyuzi za kuvu huvika ncha za mizizi yake, huuletea fosforasi na nitrojeni kutoka udongo hafifu, nao huwapa sukari. Uyoga ule wa rangi ya kiini cha yai, tunaouokota mvua zikinyesha, huzaliwa na ushirika huo. Mti ukikatwa kisiki kikachipua, mizizi huendelea kuwalisha kuvu. Kisiki kiking'olewa, hawana tena wa kuwalisha.

Uyoga wa vichuguuni una habari nyingine. Mchwa hutafuna majani makavu na vipande vya miti, hujengea sega, na juu yake hulima kuvu. Mwaka 2014 ilichapishwa jenomu ya mchwa wa aina hiyo pamoja na ya kuvu wake: kuvu huvunja sehemu ngumu za mimea, bakteria wa tumboni mwa mchwa humalizia. Vinasaba vinaonyesha kwamba kilimo hiki kilianza mara moja tu, katika msitu wa mvua wa Afrika, takriban miaka milioni 30 iliyopita, na hakuna ukoo wa wakulima hao unaojulikana kukiacha. Mwaka 2016 watafiti walieleza masalia ya viota vya mchwa kutoka Bonde la Ufa la Rukwa, humu humu Tanzania: bustani za kuvu zilizogeuka mawe, zenye umri wa miaka milioni 25.

Hata hivyo, licha ya ukale wa kilimo hiki, katika aina nyingi za mchwa hao kumbikumbi huruka bila mbegu yoyote ya kuvu. Wafanyakazi wa kwanza wa kiota kipya ndio wanaotoka kutafuta vijimbegu vilivyomwagwa na uyoga wa vichuguu vingine. Uyoga unaoachwa ukomae huko Kasulo ndio unaowapa mtaji.