Pikipiki yako hupozwa na nini? Mambo ya kukagua kabla ya safari

Pikipiki inayotoka Kigobe, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura lilipo jengo la Bunge la Burundi, na kuelekea Bugarama, hupanda kutoka takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000. Mlima huo huilazimu injini kufanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo. Joto lisipopata pa kutokea, injini inaweza kukwama, na kwa anayeishi kwa kubeba abiria, riziki hukwama nayo.

Jambo la kwanza, basi, ni kujua injini yako hupozwa vipi.

Injini inayopozwa kwa hewa

Pikipiki nyingi za abiria Afrika Mashariki, zikiwemo Bajaj Boxer na TVS HLX, hazina rejeta. Joto huondolewa na upepo unaopita kwenye mapezi ya chuma yanayoizunguka silinda, huku oili ikilichukua kutoka ndani. Kwa hiyo, mwenye pikipiki ya aina hii hukagua oili.

Isimamishe wima mahali tambarare, zima injini na usubiri dakika chache ili oili ishuke. Kiwango kiwe kati ya alama ya chini na ya juu. Usijaze kupita kiasi, kwani oili iliyozidi nayo hudhuru. Ondoa matope kwenye mapezi, na zima injini unapokuwa kwenye foleni ya mafuta: pikipiki iliyosimama haina upepo wa kuipoza.

Injini yenye rejeta

Kagua injini ikiwa baridi. Tazama chupa ya akiba ya maji ya kupozea: kiwango kiwe kati ya alama mbili zilizochorwa ubavuni. Kikipungua, ongeza kupitia chupa hiyo.

Kamwe usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo chini ya shinikizo hutoka kwa nguvu na yanaweza kukuunguza vibaya.

Bujumbura haina baridi ya kugandisha maji, lakini dawa ya rejeta bado inahitajika, kwa sababu huzuia kutu na kuchelewesha maji kuchemka. Maji ya bomba huacha ukoko ndani ya njia za kupozea. Kiwango kikishuka mara kwa mara, kuna uvujaji; mwone fundi.

Kila wiki

Pima upepo wa magurudumu kabla ya safari, yakiwa bado baridi. Safisha cheni na uipake oili; kwa pikipiki nyingi ndogo, inapaswa kulegea takriban sentimita 2 hadi 3. Kagua breki zote mbili, hasa kabla ya kurudi Bujumbura, kwa kuwa mteremko huo huzichosha breki kama mlima ulivyoichosha injini.

Vipimo hutofautiana, kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa.