Kutoka Debe hadi Gorogoro: Historia ya Kubana Matumizi ya Nyumbani Nairobi

Mshahara wa Nairobi ulikadiriwa tangu mwanzo kwa mtu mmoja. Reli ilipofika mahali hapo mwaka 1899 na kambi ikageuka mji, kibarua aliajiriwa kama mgeni wa muda ambaye mke na watoto wake wangebaki kijijini na kujilisha kwa shamba. Waajiri wengi walimpa posho ya unga na pa kulala, kisha fedha kidogo juu yake. Mwaka 1921 walipoamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, hasira iliyozuka ilichangia kumpa mwanaharakati Harry Thuku wafuasi wengi mjini. Hata mwaka 1954 tume ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilikiri kwamba malipo yaliyokuwapo hayakuzingatia mahitaji ya mwanamume mwenye familia. Waliokuja na familia zao hata hivyo, na walikuwa wengi, walilazimika kulijaza pengo hilo wenyewe. Mbinu za kubana matumizi zinazojulikana mjini leo zilianzia hapo.

Upande wa magharibi wa mji uliwapa nafasi ambayo wa mashariki hawakuwa nayo. Dagoretti, Riruta, Kawangware na Kangemi zilikuwa sehemu ya ardhi ya Wakikuyu iliyopakana na mji, na ziliingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi mwaka 1963 tu. Katikati, kati ya vijiji hivyo na mji wenyewe, walikaa Wazungu wa Kileleshwa na Lavington, na Wahindi wa Westlands na Parklands. Wanawake wa Dagoretti walibeba maharagwe, viazi na mboga mgongoni hadi mjini, wakauza, wakarudi na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Kaya yenye nusu ekari Kangemi ilikula mahindi yake, ikauza mboga, na baadaye ikajenga vyumba vya mabati vya kukodisha kwa wapishi, watunza bustani na askari wa usiku waliofanya kazi katika nyumba kubwa za jirani. Kwa hiyo kukawa na bei mbili za kabichi moja. Soko la manispaa lililojengwa mjini katika miaka ya 1930, lile la Barabara ya Muindi Mbingu, lilikuwa na bei ya mjini. Soko la Kangemi, ambako mboga za Limuru na Kinangop hushuka kabla ya kufika katikati ya mji, lilikuwa na bei ya shambani. Tofauti hiyo haijafutika. Mwenye gari Lavington anayesimama Kangemi Jumamosi asubuhi anafuata njia ya zamani kuliko mtaa anaokaa.

Vipimo navyo vina historia. Mafuta ya taa yaliletwa Afrika Mashariki katika makopo ya mraba ya galoni nne, yaani takriban lita 18, na kopo tupu likawa debe: la kuchotea maji, la kupimia mahindi na makaa, na likikatwa na kunyooshwa, la kuezekea. Debe lilimfaa mwenye ghala au mwenye mshahara wa mwezi. Kibarua wa kutwa hakuwa na fedha za debe wala mahali pa kuliweka katika chumba kimoja cha watu watano. Kwake kipimo kilishuka hadi gorogoro, kopo la kilo mbili lililokuwa na mafuta ya kupikia ya kuganda. Gorogoro ya mahindi, gorogoro ya maharagwe, nusu gorogoro: lugha hiyo inaeleweka katika kila soko la Nairobi. Mnunuzi mzoefu huiangalia kwanza chini, maana muuzaji mjanja hubonyeza kitako cha kopo kiingie ndani, kisha mnunuzi hudai nyongeza juu hadi punje zianze kumwagika.

Chini ya gorogoro ndipo ilipo biashara inayoitwa kadogo. Mafuta ya kupikia hupimwa kwa kikombe au huuzwa kwa mashine inayotoa ya shilingi ishirini, sukari hufungwa ya siku moja, majani ya chai ya birika moja, sabuni ya unga katika kipakiti cha nguo chache. Viwanda vilipogundua kwamba wenye maduka walikuwa wakifungua pakiti kubwa na kuziuza vipande vipande, vilianza kutengeneza vipakiti hivyo vyenyewe. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 iliwarudisha wengi kwenye karatasi. Hesabu ya kadogo ni rahisi na haimpendezi mnunuzi: kwa kila gramu, anayenunua kidogo hulipa zaidi. Hata hivyo kumwita mbadhirifu ni kutoielewa hali yake. Anayelipwa jioni hana fedha za mfuko wa kilo kumi asubuhi. Kilicho ndani ya nyumba huliwa haraka au huombwa na jirani. Na sukari iliyopimwa kwa siku moja haimalizwi kwa siku mbili kwa bahati mbaya. Kadogo ni ghali, lakini mkopo wa dukani ulioandikwa kwenye daftari mara nyingi ulikuwa ghali zaidi.

Unga ndio uliobadilika kwa ghafla kuliko bidhaa zote. Kwa miongo mingi serikali ilidhibiti bei ya unga wa mahindi na hata usafirishaji wa mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine. Gunia halikuvuka bila kibali, kwa hiyo mtu wa mjini hakuwa na mahindi ya kusaga. Alikula unga mweupe wa pakiti kutoka viwanda vikubwa, kama Unga Limited iliyoanzishwa na Lord Delamere mwaka 1908. Mwaka wa ukame, kama 1984, alipanga foleni na kupata unga wa mahindi ya njano yaliyoagizwa nje, uliokumbukwa kwa muda mrefu kwa ladha yake. Mwishoni mwa mwaka 1993 udhibiti huo uliondolewa pamoja na ruzuku, na bei ya pakiti ikapanda. Kilichofuata hakikupangwa na ofisi yoyote. Mahindi yaliingia mjini kwa malori, na mashine za posho zikafunguliwa Kawangware, Kibera na Kangemi. Mama alinunua gorogoro mbili za mahindi, akazipepeta juu ya ungo kutoa mawe, akazipeleka kwenye mashine iliyokuwa ikitikisa ukuta wa mabati, akarudi na unga wenye joto bado. Unga huo ulikuwa na pumba na kiini chake, ugali wake ulikuwa mweusi kidogo na ulishibisha, na bei yake ilikuwa chini ya ile ya pakiti. Wachumi waliofuatilia mabadiliko hayo Nairobi waliona kwamba ni kaya zenye kipato kidogo zilizohamia kwa wingi zaidi. Kasoro yake ni kwamba unga wenye kiini huchacha upesi, kwa hiyo hausagwi wa mwezi mzima. Serikali imejaribu tangu hapo kupunguza bei ya pakiti kwa ruzuku, mwaka 2017 kwa shilingi 90 kwa kilo mbili na mwaka 2022 kwa shilingi 100, lakini ruzuku zote mbili zilikuwa za muda na zilikuja karibu na uchaguzi. Mashine ya posho haijangoja uchaguzi.

Baada ya chakula, mzigo mkubwa ni wa kukipika. Jiko la bati lililotumika Nairobi kwa miongo mingi linasemekana lilitokana na mafundi wa Kihindi walioletwa na reli. Lilikuwa rahisi kununua, ila lilipoteza moto kila upande. Bei ya mafuta duniani ilipopanda katika miaka ya 1970 na misitu ikaanza kuzungumzwa, suala la jiko liliingia mikutanoni. Mwaka 1981 Nairobi yenyewe iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu. Mfano wa jiko bora ulitoka Thailand. Uliboreshwa nchini na wataalamu na mashirika, akiwamo Maxwell Kinyanjui na shirika la KENGO, na kuachiwa mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo. Hilo la mwisho ndilo lililoliokoa. Fundi aliyekuwa akitengeneza jiko la zamani aliweza kulitengeneza jipya kwa nyundo na mkasi uleule, huku wafinyanzi wakimletea sehemu ya udongo.

Jiko hilo lina kiuno chembamba. Bati la nje limetanuka juu na chini, na ndani ya nusu ya juu hukaa bakuli la udongo uliochomwa, lenye matundu chini, lililoshikizwa kwa saruji iliyochanganywa na madini mepesi ya vamikulaiti. Chini kuna mlango mdogo wa majivu. Udongo huzuia joto lisitoroke kupitia bati, na mlango ukifungwa nusu makaa hupunguza kasi. Vipimo vingi viliweka akiba ya makaa kati ya asilimia 30 na 50 kulingana na jiko na mpishi. Majiko ya kwanza yalipasuka mapema na wanunuzi wakalalamika. Ilichukua miaka kadhaa kupata udongo unaostahimili. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya nyumba za mijini Kenya zilikuwa nalo. Mpishi hodari huliongezea mbinu zake: hupika chai kwanza makaa yakiwa makali, kisha githeri (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja) wakati moto umetulia, na hufunika makaa kwa majivu ili yadumu hadi jioni. Bakuli likipasuka, hubadilishwa peke yake na bati likabaki.

Vyakula vinavyohitaji saa tatu motoni vilileta mbinu nyingine, ambayo huenda ni ya busara kuliko zote na haikubuniwa na mtaalamu yeyote. Mama mboga wa Kawangware huchemsha sufuria kubwa ya maharagwe au githeri kwa moto mmoja na kuuza kwa kikombe. Kila nyumba hununua, hukaanga kwa kitunguu na nyanya dakika chache, na moto wa saa tatu umegawanywa kwa nyumba ishirini. Mama huyo huyo hukata sukuma wiki bila malipo. Vumbi la makaa lililokuwa likitupwa nalo lilipata kazi: vikundi vya wanawake na vijana Kibera hulichanganya na udongo kidogo na kulifinyanga kuwa makaa mapya. Utafiti ulioongozwa na Mary Njenga katika miaka ya mwanzo ya 2010 ulikadiria kwamba kupika githeri kwa makaa hayo kuligharimu shilingi 3, ilhali makaa ya kawaida yaligharimu 26 na mafuta ya taa 45. Baadaye mafuta ya taa yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, ili wachuuzi wasiyachanganye na dizeli. Mwaka huohuo marufuku ya kukata miti ikapandisha bei ya makaa.

Nguo zilifuata njia fupi zaidi. Kabla ya miaka ya 1990 mitumba ilikuwa na vizuizi na familia zilishona kwa mafundi au kununua vitambaa Barabara ya Biashara, iliyokuwa mtaa wa maduka ya Wahindi. Baada ya soko kufunguliwa, marobota yalijaa soko la Gikomba, na upande wa magharibi yakajaa Toi, kati ya Kibera na Adams Arcade. Anayefika robota linapofunguliwa hupata nguo safi na hulipa zaidi. Anayesubiri hadi mchana hupata masalio kwa bei ya kutupa, na mzazi wa watoto wanaokua haraka ana sababu nzuri ya kusubiri. Toi ilibomolewa wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 na imeungua zaidi ya mara moja tangu hapo, na kila mara wachuuzi wamejenga vibanda upya.

Nauli ilibanwa kwa miguu. Mabasi ya KBS yalianza mwaka 1934, na matatu zikahalalishwa mwaka 1973, lakini msururu wa watembeao kwa miguu kutoka Kawangware na Kibera kwenda mjini na Eneo la Viwanda haujakatika asubuhi hata moja tangu hapo. Nauli hupanda mvua ikinyesha, jambo linalofanya kutembea kuwa kugumu zaidi siku ileile ambayo kungeokoa fedha nyingi.

Mbinu hizi zote humsaidia mtu mmoja mmoja. Kadogo iliacha tatizo lake la msingi, kwamba maskini hununua kwa bei ya juu, na tatizo hilo lilitatuliwa kwa kuungana. Katika miaka ya 1960 vikundi vya wanawake vya Kenya ya kati vilichangishana ili kila mwanachama aezeke mabati kwa zamu, na mpango huo ukahamia mjini kama chama. Wanachama kumi wakitoa shilingi mia tatu kila wiki, mmoja hupokea elfu tatu kwa mkupuo, kiasi cha sufuria nzuri au mtungi wa gesi. Vipo vyama vinavyokusanya mwaka mzima na kununua unga, mchele, sukari na mafuta kwa jumla Desemba, kisha kugawana magunia uani. Krismasi majirani huchangia ng'ombe, mara nyingi kutoka Dagoretti, kwenye soko la mifugo na machinjio, na kila nyumba hupata fungu lake la nyama, mifupa na matumbo kwa bei isiyopatikana buchani.

M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, ilivipa vyama hivyo mfuko usioibiwa kwa urahisi, na M-Shwari ya 2012 ikaongeza akaunti ya akiba simuni. Fuliza, mkopo wa M-Pesa ulioanza 2019, ulilirudisha daftari la deni la dukani kwa sura nyingine, lenye ada ya kila siku. Gesi ilifuatia. Kodi yake ya ongezeko la thamani iliondolewa mwaka 2016, ikarudishwa 2021, ikapunguzwa 2022 na kuondolewa tena 2023. Kwa wasioweza kulipia mtungi wa kilo sita kwa mara moja, kampuni zimefunga mita juu ya mtungi wenyewe: mteja hulipa kwa simu shilingi hamsini, mita hufunguka, na gesi ya shilingi hamsini ikiisha hufungwa.