Msitu Usio na Miti: Kulungu na Njia za Miguu katika Nyanda za Juu za Uskoti

Majira ya baridi ndiyo yanayompa mtembea kwa miguu katika Nyanda za Juu za Uskoti nafasi nzuri ya kumwona kulungu mwekundu, kwa kuwa theluji inapofunika malisho ya milimani, makundi ya wanyama hao hushuka mabondeni kutafuta chakula na kujikinga na upepo. Mnyama huyu asichanganywe na kulungu wa Afrika Mashariki, ambaye ni wa ukoo wa ng'ombe na hudumu na pembe zake maisha yote, ilhali pembe za dume la kulungu mwekundu hudondoka kila mwaka na kuota upya.

Milima mitupu inayomzunguka kulungu mwekundu, isiyo na mti wala nyumba, huchukuliwa na wageni wengi kuwa ni nyika ya asili, na kosa hilo ni kubwa, kwani utupu huo una historia, tena historia chungu. Katika bonde la Strathnaver, familia nyingi zilizokuwa zikizungumza Kigaeli, lugha ya kale ya eneo hilo, ziliondolewa kwa nguvu mwaka 1814 na tena mwaka 1819 ili kuwapisha kondoo, na misingi ya nyumba zao ingali inaonekana ardhini. Bei ya sufu iliposhuka katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, kondoo nao waliwapisha matajiri wawindaji, ambao mchezo wao ulikuwa umepata fahari mpya tangu familia ya Malkia Victoria ilipoinunua milki ya Balmoral katika nyanda hizo mwaka 1852. Ardhi ya namna hiyo iliitwa "msitu wa kulungu", istilahi iliyomaanisha eneo lililotengwa kwa uwindaji, hata kama halikuwa na mti hata mmoja. Na kulungu walipozidi, walikula miche kabla haijakua.

Mtembezi naye alizuiwa na wenye ardhi. Muswada wa mbunge James Bryce wa mwaka 1884, uliotaka milima ifunguliwe kwa umma, haukupita, ingawa mwaka 1888 Baraza la Malordi lilithibitisha kwamba njia ya kale ya wachunga mifugo kupitia Glen Doll ilikuwa ya watu wote. Ilibidi kungoja Sheria ya Mageuzi ya Ardhi ya mwaka 2003 ndipo haki ya kupita karibu kila mahali ikatambuliwa, pamoja na wajibu wa kupita bila kuleta madhara, wajibu ambao wakati wa baridi una uzito wa pekee, kwa maana kulungu anayekimbizwa kwenye theluji hupoteza mafuta ya mwilini anayoyategemea hadi majani mapya yachipue.