Tulivyotafuta Makala za Tiba

Mhariri ameniomba niwaeleze vijana mlioko shuleni, hasa mnaotamani udaktari, jinsi sisi tulivyotafuta habari za maradhi katika maktaba ya chuo. Wazee wenzangu mtanivumilia.

Vitabu havikuwa taabu. Ulifungua kabati la kadi, ukanakili namba, ukaenda rafuni. Kazi ilikuwa makala za majarida, na habari za tiba mpya huanzia humo, si vitabuni. Tegemeo letu lilikuwa Index Medicus, faharisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1879 na John Shaw Billings, daktari wa jeshi aliyekuwa pia mkutubi. Tangu 1964 ilipangwa kwa kompyuta huko kwao, lakini sisi tuliletewa mabuku mazito, herufi zake ndogo kama mbegu za mchicha.

Siri yake ilikuwa kujua neno walilolichagua wenye faharisi. Chukueni uvimbe wa taya za watoto, ambao Denis Burkitt aliuchunguza akiwa Mulago, Kampala. Katika makala yake ya 1958 aliuita sarkoma. Baadaye ikabainika ni saratani ya limfu, ikapewa jina lake. Basi aliyeshika neno moja tu alikosa mengi. Tena tazameni safari yenyewe: mtoto ni wa Uganda, jarida ni British Journal of Surgery, faharisi ni ya Marekani, ndipo habari iturudie sisi majirani wa Uganda!

Jarida lisipokuwepo, ulimwandikia mwandishi kadi ya posta kumwomba nakala. Wengi walijibu kwa ukarimu, ila baada ya miezi. Mgonjwa wodini hakuwa na miezi.

Index Medicus ya karatasi ilikoma mwaka 2004. Tangu 1997 PubMed iko wazi bure kwa kila mtu, lakini mara nyingi utapata muhtasari tu, na makala yenyewe inauzwa. Ndiyo maana mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji walianzisha Hinari, inayozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida hayo bure au kwa bei nafuu. Lishikeni neno hilo, taasisi. Nywila hupewa chuo au hospitali, wala si mtu binafsi. Kijana anayemaliza chuo na kupangiwa wilayani huiacha nyuma pamoja na kitambulisho chake, hapo hasa anapoanza kuihitaji. Kila anayekuja kuniaga namwuliza kwanza kama hospitali aendayo imejiandikisha. Wengi hawajui, nami huwaagiza waulize siku ya kuripoti.