Wasomaji Waliokataa Kusomewa

Ukipanda matatu kutoka Ruiru kwenda Thika, ukishapita Juja unavuka mto Ndarugu. Daraja lenyewe ni la sekunde chache tu. Konda anahesabu chenji, abiria wako kwenye simu, na hakuna anayeangalia chini.

Februari 1934, juu huko upande unakotoka mto huu, katika msitu uliobeba jina lake, polisi wa serikali ya kikoloni waliwapiga risasi wanaume watatu wakafa: Joseph Ng'ang'a, Samuel Muinami na John Mung'ara. Hebu yasome tena majina hayo: Yusufu, Samweli, Yohana. Serikali iliyosema imekuja kueneza ustaarabu wa Kikristo iliwaua watu watatu wenye majina ya Biblia, na kosa lao lilianzia kwenye kuisoma Biblia hiyohiyo.

Walikuwa wa kundi lililoitwa Arathi, yaani manabii. Wengine waliwaita kwa Kiswahili, Watu wa Mungu. Leo tunawajua warithi wao kama Akurinu, wale wenye vilemba vyeupe unaokutana nao kwenye steji za Thika wakielekea ibadani. Kuna watu wanaowacheka bila kujua kwamba kilemba hicho kina historia ndefu kuliko kanisa lao la mabati na spika kubwa.

Ili kuelewa walivyofika msituni inabidi turudi nyuma miaka mitano, hadi 1929, na tupande ile barabara inayotoka Ruiru kwenda Githunguri. Huko ndiko kuna Kambui. Mwanzoni mwa karne ya 20, misheni ndogo ya Kimarekani iliyoitwa Gospel Missionary Society ilijenga kituo hapo. Harry Thuku, yule ambaye kukamatwa kwake 1922 kulileta maandamano na mauaji Nairobi, alizaliwa na kusoma Kambui. Misheni hiyo ilikuwa pia na kituo Ng'enda, upande wa Gatundu. Chini, kwenye tambarare za Ruiru na Thika, kulikuwa na mashamba ya walowezi ya kahawa na mkonge, na reli iliyofika Thika 1913. Juu kwenye matuta kulikuwa na rizavu, na ndani ya rizavu, misheni.

Waliojiunga na misheni waliitwa athomi. Maana yake ni wasomaji, na neno lenyewe lina undugu na "kusoma" letu. Hawakuitwa waumini wala waliookoka. Mtu alionekana ameingia dini pale alipoanza kushika kitabu, na kwa kijana wa miaka ile kitabu kilikuwa mlango wa kila kitu: ukarani, ualimu, barua kwa serikali, hoja mbele ya chifu. Mwaka 1926 Agano Jipya lote likatoka kwa Kikuyu. Kuanzia hapo mtu aliyesoma darasa chache tu angeweza kukaa nje ya nyumba yake jioni na kuangalia mwenyewe kama alichohubiriwa Jumapili kimeandikwa.

Na wakaangalia kweli.

Mwaka 1929, Kanisa la Scotland lililokuwa Thogoto chini ya Daktari John Arthur, pamoja na Africa Inland Mission ya Kijabe na hawa wa Kambui, waliamua kukaza kamba juu ya ukeketaji wa wasichana. Waumini, hasa walimu, walitakiwa watoe ahadi ya kuukana. Mahali pengine walitakiwa pia wajitoe kwenye Kikuyu Central Association, chama cha siasa kilichokuwa kikipigania ardhi. Wamisionari wengine, kama Wakatoliki wa Mang'u pale karibu na Thika, hawakudai ahadi hiyo. Waliodai waliona ni suala la uhai na la dhamiri: madaktari wao walikuwa wameona wanawake wakifa wakati wa kujifungua.

Watu waliipa ahadi hiyo jina la kirore, yaani alama ya kidole gumba. Jina hilo lina uchungu wake. Msomaji, mtu aliyejivunia kuandika jina lake, aliambiwa akubali jambo kwa dole gumba kama asiyejua kalamu. Waliokataa waliitwa aregi, wakataaji. Walimu walipoteza kazi, watoto walifukuzwa shule, na madhehebu haya matatu yakapoteza waumini kwa wingi katika miezi michache. Kambui haikupona vizuri. Mwaka 1946 misheni ile iliungana na Wapresbiteri.

Kitu ninachotaka tukishike ni hiki: wengi waliotoka hawakurudisha Biblia. Waliondoka nayo kwapani.

Hoja zao zilikuwa za kimaandiko, tena kali. Abrahamu, Yakobo, Daudi na Sulemani walikuwa na wake wengi. Kwani Mungu aliwakataa? Paulo anamwandikia Timotheo kwamba askofu awe na mke mmoja. Sawa, lakini hapo anasema askofu. Mkulima wa Gatundu amekatazwa wapi? Tohara ilikuwa agano la Abrahamu, na Paulo huyohuyo aliyesema tohara si kitu alimtahiri Timotheo alipoona inafaa. Halafu misheni haikupinga tohara ya wavulana, ilitaka tu ifanywe kwa usafi. Agosti 1929, Joseph Kang'ethe, rais wa Kikuyu Central Association, alisambaza barua iliyouliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo moyoni: je, Mkristo anayeshika mila ya Kikuyu anakuwa mpagani kwa sababu tu ni Mkikuyu?

Lakini hoja iliyowabana wamisionari zaidi ilitoka kwenye tafsiri yao wenyewe. Kwa Mariamu, mama wa Yesu, Agano Jipya la Kikuyu lilitumia neno muiritu. Katika Kikuyu cha wakati ule, muiritu si msichana yeyote tu. Ni msichana aliyepitia jando lake, ameshakatwa, na hajaolewa. Asiyepitia aliitwa kirigu, na kumwita msichana mkubwa kirigu lilikuwa tusi. Basi wasomaji wakasema: kitabu chenu chenyewe kinasema Mariamu alikuwa muiritu, sasa mnatukataza nini? Wamisionari wangejibu vipi? Wakibadilisha neno, mama wa Bwana anaitwa kwa tusi. Wakiliacha, wameshindwa hoja kwa mkono wao.

Ni rahisi kuipenda hadithi hii na kuishia hapo: Waafrika wajanja wamewanasa wazungu kwa kitabu chao. Lakini ngoja kwanza. Hoja ya muiritu ilikuwa hoja ya lugha, si ya maandiko. Hakuna mahali Biblia inaagiza msichana akatwe. Na katika mabishano yote hayo, kati ya Daktari Arthur na wazee, kati ya chama na misheni, mwili uliobishaniwa ulikuwa wa wasichana wa miaka kumi na kitu, na sauti zao ndizo chache kabisa katika kumbukumbu zilizobaki. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma kwa muda katika mojawapo ya shule zilizozaliwa na mgogoro huu, alilitafuta jeraha hilo katika riwaya yake The River Between ya 1965. Kenya ilipopiga marufuku ukeketaji kwa sheria ya 2011, ilikubali kwamba kwenye jambo lenyewe, walioupinga mwaka 1929 walikuwa na haki. Mabishano yale pia hayakuwa ya maneno matupu. Wimbo wa Muthirigu, uliowakejeli wamisionari na waliotia kirore, ulipigwa marufuku 1930, na Januari mwaka huohuo Hulda Stumpf, mmisionari Mmarekani aliyekuwa na miaka zaidi ya 60, aliuawa nyumbani kwake Kijabe.

Kwa hiyo walikosea katika jambo moja kubwa, na walikuwa na haki katika lingine: mtu akishafundishwa kusoma, huwezi kumwambia asome hadi hapa tu.

Baada ya kutoka, ikabidi wajibu swali gumu zaidi. Kukataa wameshakataa, sasa wanaamini nini? Na hapo hawakuelewana.

Kundi la kwanza lilitaka kanisa na shule kama za misheni, lakini bila misheni. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 walikuwa na vyama viwili vya shule: KISA, kilichokuwa na mizizi Murang'a, na Karing'a, kilichokuwa na nguvu Kiambu. Watu walichanga, wakabeba mawe, wakajenga. Shule zilipatikana, lakini nani angewabatiza watoto? Mwaka 1935 walimleta Daniel William Alexander, askofu mkuu wa African Orthodox Church kutoka Afrika Kusini, ambaye mwanasiasa James Beauttah alikuwa amekutana naye Mombasa. Alexander alifundisha na kuwawekea mikono wachungaji hadi 1937. Hata waliowekewa mikono na mtu mmoja waligawanyika: wengine wakawa African Independent Pentecostal Church, wengine Orthodox, ambao baadaye waliungana na Patriaki wa Alexandria. Mwaka 1939, kwenye barabara ileile ya kutoka Ruiru, Mbiyu Koinange alifungua chuo cha walimu Githunguri.

Kundi la pili halikutaka vyeti wala askofu wa kutoka mbali. Hawa ndio Arathi. Wafuasi wao wanasimulia kwamba Joseph Ng'ang'a alikuwa akitoka kwenye pombe mwaka 1926 aliposikia sauti ikimwita kwa jina, na kwamba alijifungia miaka mitatu akiomba na kusoma Biblia. Walichokisoma wao hakikuwa hoja ya wake wengi. Walisoma manabii, ndoto na Roho Mtakatifu. Walikataa vitu vya kigeni, dawa za hospitali zikiwemo, na baadhi walibeba pinde na mishale. Jomo Kenyatta, mtu wa Ng'enda aliyebatizwa Thogoto 1914 na baadaye akawekwa chini ya nidhamu ya kanisa hilohilo, aliwapa nafasi katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha 1938, akitumia jina lao la Kiswahili.

Ona sasa tofauti. Mmoja anasoma Biblia na kuona shule. Mwingine anasoma Biblia ileile na kuona msitu wa kuombea. Wote wawili walikuwa wametoka kwenye mfumo uliowaambia maana ni moja, na ofisi ya maana hiyo iko kwa mzungu.

Serikali haikupenda usomaji wa aina yoyote kati ya hizi mbili. Arathi ilikutana nao kwa bunduki Ndarugu. Shule huru ilizivumilia hadi Hali ya Hatari ya 1952, kisha ikazifunga, chuo cha Githunguri pamoja nazo, na makanisa yake yakapigwa marufuku. Mamia ya madarasa yaliyojengwa kwa michango ya watu maskini yalikwisha hivyo.

Leo, kutoka Ruiru hadi Thika, sidhani kuna steji isiyo na kanisa. Na kila mtaa una watu waliotoka mahali: aliyechoka na sadaka zisizoisha, aliyeambiwa aache dawa, aliyeuliza swali kwenye mafunzo ya Biblia akaambiwa ana roho ya uasi. Wakikutana, kwa chai au kwenye gari, wanabishana mistari hadi usiku. Wanaobaki ndani huwaita waliorudi nyuma. Historia ya matuta haya inasema inawezekana wanafanya kile ambacho guka na shosho zao walifanya.

Pia inatuonya. Mwaka 2023, Shakahola kule Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Hapo tuliona kinachotokea watu wengi wanapomwachia mtu mmoja kazi ya kusoma. Na kutoka kwenye kanisa hakukupi kinga ya kuwa kama lile uliloliacha. Kanisa la wakataaji lenyewe limekuwa na migogoro ya uongozi iliyofika mahakamani. Arathi waliokataa dawa wana warithi wengi walio vyuoni na wanaokwenda hospitali bila shida, na wengine ambao bado hawaendi, na kati yao mjadala haujaisha. Kila kizazi cha waliotoka kinapata vijana wake wanaouliza.

Ukiwa na shosho aliyekulia Gatundu au Githunguri, siku moja muulize kama watu wao walikuwa wa kirore au wa Karing'a. Usishangae akinyamaza kidogo kwanza. Familia ziligawanyika kwa jambo hilo, ndugu wakasusiana mazishi, na kuna nyumba ambako bado halisemwi kwa sauti. Lakini muulize pia swali ambalo mwaka 1929 watu hawakulijali: yeye mwenyewe, na dada zake, walitaka nini? Muulize, halafu umwache asimulie bila kumkatiza kwa mstari wowote.