Ukinzani wa Ufa

Usiku wa tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady ilikuwa imefungwa gatini huko Portland, jimboni Oregon, Marekani. Ilikuwa mpya, imetoka kufanyiwa majaribio, na maji yalikuwa shwari. Ghafla sitaha na mbavu zote mbili zikapasuka. Bamba la chini tu ndilo lililobaki limeshikilia. Chuma chake kilikuwa na nguvu ya kubeba mzigo. Kilichokosekana ni uwezo wa kuuzuia ufa usikimbie, na sifa hiyo naiita ukinzani wa ufa.

Wapo wanaoiita ugumu, na jina hilo linampotosha fundi. Tupa ni ngumu kuliko nondo, lakini ukizipiga kwa nyundo, tupa hukatika na nondo hupinda. Katika kuchomelea, ugumu ukizidi ni wa kuogopwa: chuma kilicho pembeni mwa mshono, kikipashwa moto kisha kikapoa haraka, huwa kigumu na huachia ufa upesi.

Upimaji wa kawaida ni huu. Kipande cha upana wa milimita 10 na urefu wa 55 hutiwa mkato wa milimita 2, kisha nyundo inayobembea hukivunja na nishati iliyotumika husomwa. Tazama pale kilipovunjikia: chuma kilichopambana huwa na uso wa kijivu wenye nyuzinyuzi, kilichokubali upesi humetameta kama chumvi ya mawe. Chuma kilekile hutoa sura zote mbili, kutegemea baridi. Constance Tipper wa Cambridge ndiye aliyeonyesha jambo hilo kwa chuma cha meli zilizojengwa wakati wa vita. Kiwango cha joto ambapo chuma hugeuka tabia tukiite joto la mpito. Namna ya kuunga mabamba nayo ilichangia: katika meli za ribiti ufa ulikoma ukingoni mwa bamba. Zilizochomelewa ziliupa njia moja ndefu.

Tena joto la mpito halikai palepale. Katika chungu cha chuma cha kinu cha nyuklia, nyutroni huvuruga mpangilio wa atomi na kulipandisha mwaka hadi mwaka, hasa kwenye mishono ya zamani iliyochomelewa kwa waya uliopakwa shaba. Ndiyo maana vipande vya chuma hicho, pamoja na vya mshono, huwekwa ndani ya kinu tangu mwanzo, vikatolewa baada ya miaka na kuvunjwa. Wahandisi wanataka kujua kama chungu kitastahimili siku ya dharura, maji baridi yakimiminwa ghafla huku shinikizo bado liko juu.